Futa hiyo slaidi ya mwisho kabla ya Jumatatu, bahari SIO iliyoleta hewa ukaa ya leo

Futa saa hii. Umeuliza bahari na nchi kavu zilibadilishaje hewa ukaa (CO2, ile gesi ya kaboni) zamani na uchore grafu kwa programu gani, sawa, lakini umesema utamalizia na "kwa hivyo hata ya leo imetoka baharini". Mimi nilisimama mbele ya paneli ya watahini na maneno hayohayo, hapahapa Mombasa, ikanila semista nzima na karo nikalipa upya, mama ashanunua mpaka leso za mahafali.

Nusu ya kwanza ni kweli na ndo inayoponza watu. Viputo vya hewa kwenye barafu ya Dome C kule Antarctica vinarudi nyuma miaka 800,000, na grafu yake inajaa na kupwa kama maji ya Tudor hapa Mombasa, kama ppm 180 (sehemu 180 kwa kila sehemu milioni za hewa) wakati wa baridi kali, kama 280 dunia ikipata joto. Na bahari ilihusika kweli, manake zama za barafu hewani kaboni ilikuwa chache, nchi kavu pia misitu imepungua na sehemu kubwa imelaliwa na barafu, sasa ilikuwa wapi kama si kilindini?

Hapo ndo supavaiza wangu akanipoteza. Alifungua soda ya moto kibandani, povu likajaa meza, akaniambia "bahari ndo hiyo, ikipata joto inatema". Nikaamini. Siku ya paneli nikaianika soda dirishani tangu saa mbili asubuhi, nikaifungua mbele ya wazee, povu likaloanisha ripoti zao (na msinicheke, mngeliona lile povu na nyinyi mngeamini). Mtahini mmoja, mama mtu mzima, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo soda sasa ina gesi nyingi au chache kuliko mwanzo?" Chache. "Na bahari, tangu viwanda vianze, kaboni yake imezidi au imepungua?"

Nilikauka, yakhe. Kwa sababu imezidi! pH ya maji ya juu (kipimo cha uchachu, ikishuka maji yamezidi kuchacha) imeshuka kutoka kama 8.2 hadi kama 8.1, na hewa ukaa ikiingia majini ndo huyachachua, yaani bahari inaikunywa, haitemi. Watu tunatoa tani kama bilioni 40 kwa mwaka, ingebaki yote hewani ingeongeza kama ppm 5 lakini inayoongezeka ni kama nusu tu, nyingine inamezwa na bahari na mimea na udongo. Na lile joto la soda, bahari ikipanda joto nyuzi moja haiongezi hewani hata ppm 20, wakati sisi tumetoka 280 tumepita 420, kituo cha kupima hewa cha Mauna Loa kule Hawaii walipoanza kupima 1958 ilikuwa kama 315.

Supavaiza wakati huo anatazama simu, hajanitetea hata kwa neno moja. Miaka imepita na bado naumia, manake somo alikuwa analijua, alinipa povu akaniacha bila hesabu.

Sasa shika hili: anayetoa hupungukiwa. Usimtaje aliyetoa mpaka umemuona aliyepungukiwa. Barafu ilipoyeyuka hewa ilizidi, nchi kavu ikazidi, bahari ikapungukiwa, basi bahari ilitoa. Leo hewa imezidi, bahari imezidi, waliopungukiwa ni makaa ya mawe na mafuta yaliyokuwa chini ya ardhi, na misitu tuliyokata. Hata oksijeni hewani inapungua kidogokidogo, na hiyo ni dalili ya kitu kuungua, maji yakitema gesi tu hayamalizi oksijeni.

Chora matungi manne, hewa, bahari, nchi kavu, na mafuta ya ardhini, kila moja weka mshale wa kupanda au kushuka, zamani upande huu na leo upande ule. Hiyo ndo slaidi yako ya mwisho. Ipige picha uiweke hapa leo, nikitoka msikitini baada ya isha nitaiangalia.