Msihesabu milo, shikeni mbavu

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni "Mtoto wa mbwa apewe chakula mara ngapi kwa siku?" Jibu lake ni fupi: mara nne mpaka atimize miezi mitatu, mara tatu mpaka miezi sita, baada ya hapo mara mbili. Kinachoniuma ni kwamba wote huuliza mara ngapi, na wa kuuliza kiasi gani ni wa kutafuta kwa tochi. Mbwa anaweza kula mara nne akakonda, na mwingine akala mara mbili akanenepa hadi nyonga zikaharibika.

Hasa nawasemea wenye mbwa wa mbegu kubwa kama German Shepherd, Boerboel na Rottweiler. Mtu katoa pesa nyingi, anataka mbwa awe dume la kutisha kabla mwaka haujaisha, basi bakuli linajazwa na kuachwa wazi kutwa nzima. Jamani, ukubwa wa mbwa umeshapangwa na damu ya wazazi wake. Chakula cha ziada kinamwahisha tu kufika kwenye uzito ule, wakati maungio bado laini. Juu yake anaongezewa vidonge vya kalsiamu, na chakula cha mfuko cha watoto wa mbwa tayari kina kalsiamu ya kutosha. Katika miezi ya mwanzo utumbo wake hauwezi kuzuia iliyozidi. Sehemu kubwa inaingia mwilini, mifupa inakua vibaya na miguu inapinda.

Kuna jaribio ambalo kila mfugaji angepaswa kulijua. Kampuni ya chakula cha mbwa ya Purina, Marekani, ilichukua mbwa 48 wa mbegu ya Labrador ikawapanga jozi 24, kila jozi ndugu wa tumbo moja. Kuanzia wiki ya nane mmoja alikula chakula kile kile cha mwenzake, ila pungufu kwa robo. Kila siku kilipimwa alichokula ndugu, mwingine akapewa robo tatu yake. Hakuna tofauti nyingine: si chapa ya chakula, si idadi ya milo. Wakafuatwa mpaka wa mwisho alipokufa, na matokeo ya umri wao yakachapishwa 2002. Nusu ya walioshiba walikuwa wameshakufa kufikia miaka 11.2, nusu ya waliopunguziwa kufikia miaka 13. Ni karibu miaka miwili ya ziada. Picha za eksirei zilionyesha nyonga mbovu zaidi kwa walioshiba tangu wakiwa na miaka miwili tu. Na nusu ya walioshiba walikuwa wameshahitaji matibabu ya kudumu ya maungio kufikia miaka 10.3, wenzao walifika huko kwenye 13.3. Ukumbuke, walioshiba hawakuwa mapipa. Wengi wetu tungewaona tungesema "huyu katunzwa". Na anayetuambia tupunguze ni muuza chakula cha mbwa.

Sasa kiasi. Chukua kalkuleta ya simu. Zidisha uzito wa mbwa kwa kilo mara tatu wenyewe kwa wenyewe, tafuta kipeuo cha pili, kisha kipeuo cha pili tena, zidisha kwa 70. Mbwa wa kilo 10: 10 × 10 × 10 ni 1,000, kisha 31.6, kisha 5.62, jibu ni kama kilokalori 394. Akiwa chini ya miezi minne zidisha kwa 3. Akishapita, zidisha kwa 2, yaani kama 790 kwa siku. Chakula kikavu chenye kilokalori 370 kwa gramu 100 kitakuwa kama gramu 210, zigawe kwa milo. Pima kwa mizani, si kwa kopo, maana kopo la mtoto na kopo la baba havilingani. Huo ni mwanzo tu. Baada ya hapo mkono ndio unaoamua.

Kunja ngumi, pitisha vidole vya mkono wa pili juu ya vifundo: mbavu zikiwa hivyo, amekonda. Nyoosha kiganja, papasa mgongo wa mkono: hapo ndipo pazuri. Ukigeuza ukapapasa upande wa kiganja, pale kwenye nyama ya chini ya dole gumba, na mbavu ziko hivyo, amenenepa. Fanya kila wiki. Akinenepa punguza sehemu moja ya kumi, usimkatie ghafla.

Mpaka hapa nilitaka kumalizia kwa "punguzeni". Lakini mbwa wengi wa mitaa yetu hawali chakula cha mfuko. Wanakula ugali na ukoko wa sufuria. Unga wa mahindi una protini kama gramu 8 tu kwa 100, na mtoto wa mbwa anahitaji kama 22 kwenye chakula kikavu. Ugali pia umejaa maji, tumbo linajaa kabla mwili haujapata. Huyo usimpunguzie. Kwa kila gramu 200 za unga weka gramu 100 za dagaa wakavu wasio na chumvi, waliooshwa mchanga na kusagwa wazima, maana mifupa yao ndiyo kalsiamu yake. Bado si chakula kamili, lakini ni mbali sana na ugali mtupu. Unga wenye ukungu usimpe kabisa; sumukuvu inamaliza ini la mbwa.

Na tumbo likiwa ngoma huku mbavu zinahesabika, hajashiba huyo, ana minyoo. Dawa huanza akiwa na wiki mbili, kila wiki mbili mpaka wiki ya nane, kisha kila mwezi mpaka miezi sita, kwa kipimo cha uzito wake wa siku hiyo. Daktari wa mifugo amwone kwanza, ndipo mjadili bakuli.