Jibu: Nahamia Ujerumani na watoto wawili, nianzie wapi?
Dada pole na maandalizi, cha kwanza kabisa ni kusajili anwani, wenyewe wanaita Anmeldung, unatakiwa ufanye ndani ya wiki 2 tangu uhamie na mwenye nyumba lazima akusainie karatasi kwamba kweli mnaishi pale, bila hiyo mambo mengi yanakwama. Chekechea wanaita Kita, mtoto akishatimiza mwaka 1 ana haki ya nafasi kisheria ila foleni ndefu mnoo, omba sehemu nyingi kwa mpigo. Na plizi kadi za kliniki usiziache Dar, huko Kita watataka uthibitisho wa chanjo ya surua. Huyo mtoto wako wa miaka 3 Kijerumani atakishika tu, nyumbani muongeleshe Kiswahili.