Masomo matatu, mkutano mmoja wa korosho

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nafundisha sekondari hapa Newala. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wanajiandaa kuomba vyuo na wananiuliza sosholojia, saikolojia na anthropolojia zinatofautianaje. Nimewasomea fasili, bado hawajaelewa. Nianzie wapi?
– Mwalimu, Newala

JIBU: Mwalimu, fasili ziweke mwisho. Anza na jambo wanalolijua: mkutano wa chama cha msingi cha ushirika, wakulima wa korosho wakiamua kuikubali au kuikataa bei ya mnada. Mwanasosholojia huangalia nani anasema, nani ananyamaza, na kama jinsia, umri au ukubwa wa shamba unachangia. Mwanasaikolojia humtazama mkulima mmoja: kwa nini bei ya mnada uliopita inamfanya aione ya leo ndogo? Mwanaanthropolojia huhamia kijijini, pengine mwaka mzima, aone fedha hizo zikifika nyumbani zinagawanywa kwa desturi ipi.

Halafu wafanye wenyewe. Kwa saikolojia, soma maneno 15 yasiyohusiana, moja kila sekunde 2, kisha waandike wanayoyakumbuka kwa mpangilio wowote. Hesabuni ubaoni kila neno limekumbukwa na wangapi. Kwa kawaida ya mwanzo na ya mwisho huongoza, ya katikati hupotea. Rudia kwa orodha mpya, ila kabla ya kuandika wahesabu kwa sauti kutoka 100 wakipunguza 3 kwa sekunde 30. Sasa maneno ya mwisho nayo hupotea, kwa kuwa yalikuwa yameshikwa kwa muda mfupi tu. Ukiweka samaki, ndoano na ngalawa katika orodha moja, umeharibu jaribio, maana neno moja litalivuta jingine.

Kwa anthropolojia, kila mmoja achore vizazi 3 vya ukoo: pembetatu kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, alama ya sawasawa kwa ndoa. Apake rangi wanaoungana naye kupitia wanawake tu. Kwa desturi za Wamakonde, Wamwera na Wayao, hao ndio ukoo, na hapo wataona kwa nini mjomba ana sauti kubwa. Waandike “kaka wa mama” au “kaka wa baba”. Wakiandika “baba” kwa kila baba mkubwa na mdogo, mchoro utavurugika. Asiyetaka kuanika familia yake achore ya kubuni. Na mafunzo ya siri ya jando na unyago wasiyaguse kabisa. Heshima hiyo ni sehemu ya somo.

Sosholojia iwapeleke mkutanoni, kwa ruhusa ya viongozi. Daftari liwe na safu mbili: nilichoona na ninachodhani. Hapa ndipo wengi hukosea. “Wanawake wanaogopa kusema” ni dhana. “Wanawake 12 wamehudhuria, amesema 1” ndicho kilichoonekana.

Majina yasiwachoshe: kwa saikolojia, Wundt na maabara yake ya Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879; kwa sosholojia, Durkheim na utafiti wake wa kujiua wa 1897; kwa anthropolojia, Malinowski visiwani Trobriand, Papua New Guinea ya leo, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Lakini waambie mapema kwamba saikolojia na sosholojia chuoni zina takwimu, asije mtu akazichagua kwa kukimbia hesabu.