Nianze na mgonjwa yupi?

Mdogo wangu, umeuliza uanze na nani: kijana anayelia maumivu ya mguu uliovunjika, mama ambaye dripu yake imeisha, au mzee aliyepasuliwa tumbo jana na sasa amenyamaza tu. Nenda kwa mzee kwanza. Anayelia, njia yake ya hewa iko wazi, aliyenyamaza hujui.

Mwamkie, usikie anavyojibu. Hesabu pumzi dakika nzima, usikisie. Mtu mzima huvuta 12 hadi 20. Zikifika 25, mwite daktari hapo hapo. Shika mkono: ukiwa wa baridi na wenye jasho, mapigo yakienda mbio, fikiria anavuja damu ndani hata kama presha bado inasoma vizuri, maana presha huchelewa kushuka. Tafadhali ingiza mkono chini ya mgongo wake pia. Bandeji ya juu inaweza kuwa kavu kabisa huku shuka la chini limelowa. Angalia na mfuko wa mkojo. Mwenye kilo 60 atoe mkojo angalau mililita 30 kwa saa.

Kisha rudi kwa kijana haraka, maumivu yake ni ya kweli, na ukague kama vidole vya mguu vina joto na vinachezeka. Dripu ifuate.