Kwa mnaoanza kufuatilia miswada katika Seneti ya Minnesota

Ndugu zangu mnaoanza kazi hii kwa niaba ya jamii yetu, kwanza tusichanganye maseneta. Kila mwaka kuna mtu huniletea karatasi za kesi ya hifadhi niziwasilishe kwa seneta wa jimbo pale Saint Paul, makao makuu ya Minnesota. Mambo ya uhamiaji hayaamui yeye, ni ya serikali kuu. Mtafute seneta wa Washington. Leseni ya udereva, shule, malipo ya walezi wa wazee: hayo ndiyo ya Saint Paul. Sheria iliyoruhusu wakazi kupata leseni ya kawaida hata kama hawana hati za uhamiaji ilitiwa saini na Gavana Tim Walz Machi 2023, ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba. Wangapi kati yetu wanaendesha gari kwa amani leo kwa sababu hiyo!

Maseneta ni 67, sawa na wa Kenya ukimtoa Spika, ila hapa hakuna wa kuteuliwa. Kila mmoja amechaguliwa na wilaya yake, na kila wilaya imegawanywa A na B, kila nusu ikiwa na mjumbe wake katika baraza la chini. Kwa hiyo wewe unao wawili wa kuwapigia simu. Jua majina yao kabla ya jambo lingine lolote.

Mswada hupita kwa kura 34, hata kama ukumbini wamekaa watu 50. Seneta Kari Dziedzic alipofariki Desemba 2024, vyama vilibaki 33 kwa 33 na vikalazimika kugawana uongozi hadi kiti kilipojazwa. Miswada ya jimbo kukopa fedha za ujenzi wa umma ni migumu zaidi, inataka kura 41, yaani chama kimoja huwa ni nadra kuivusha peke yake. Ndiyo maana nawasihi: msiende kwa maseneta wa upande mnaoupenda tu.

Lakini kazi yenyewe iko kwenye kamati. Mswada ambao mwenyekiti hakuupangia siku ya kusikilizwa hufa kimyakimya, na kamati zina tarehe za mwisho wiki nyingi kabla ya Bunge kufungwa mwezi Mei. Mjue msaidizi wa seneta na karani wa kamati. Hao ndio wanaojua ratiba imebadilika saa ngapi. Na ukiwaandikia, taja namba ya mswada. Ya Seneti huanza na SF, ya baraza la chini HF. Msimu wangu wa kwanza niliandika namba ya HF nikaweka SF mbele. Msaidizi akafungua mswada mwingine kabisa, nasi tukapoteza siku mbili ambazo hatukuwa nazo.

Vikao vingi vya kamati hufanyika katika jengo la Seneti, ng'ambo ya barabara ya University, si katika jengo kuu la Bunge, lile lenye kuba la marumaru. Niliwahi kumpeleka huko mama mmoja, mlezi wa zamu ya usiku. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, sare bado mwilini, na kurasa tatu alizoandikiwa na kijana wake. Tukaambiwa ni dakika mbili tu kwa kila mtu. Tulikaa kwenye benchi la korido, nikamwomba aziweke kurasa kando anieleze usiku wa jana ulikuwaje. Akasema alikuwa peke yake na wazee kumi na wanne, wawili wakaanguka kwa wakati mmoja, ikabidi achague amwendee nani.

Alipoitwa mezani alisema hayohayo, kwa Kiswahili, nami nikatafsiri. Seneta aliyekuwa akisoma simu yake aliiweka chini akauliza: "Ukamwendea nani?"

Akamjibu. Kurasa tatu tulimwachia karani ziingie kwenye kumbukumbu za kikao.