Jino langu mwenyewe lipandikizwe pengine, inawezekana?

SWALI: Dokta shikamoo, mi nina miaka 18, gego langu la chini lilioza likang'olewa, sasa nimeambiwa naweza kutolewa gego la mwisho kule nyuma likapandikizwa kwenye pengo. Ni kweli au napigwa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kweli kabisa, na kwa umri wako mi naona ni bahati, maana skrubu ya titani ya kushikilia jino bandia haiwekwi taya likiwa bado linakua ila jino lako linaenda sambamba na taya. Siri yote iko kwenye ule utando mwembamba unaozunguka mzizi, seli zake zikikauka au kuchubuka umekwisha, jino litaganda kwenye mfupa au mzizi utaanza kuliwa taratibu, ndo maana daktari hang'oi kwa nguvu kama anavyong'oa jino bovu, na jino linatakiwa likae nje dakika chache tu, wengine siku hizi wanapiga skani wanatengeneza mfano wa jino ili shimo liandaliwe kabla. Kisha linafungwa na meno jirani kama wiki 2 hivi.

Muulize daktari mzizi wa hilo gego umekua kufikia wapi, tafadhali usisahau hilo! Kama ncha ya mzizi bado iko wazi mishipa inaweza kuota tena ndani, ikishafunga utahitaji kutibiwa mzizi ndani ya wiki chache. Na kama unavuta sigara acha sasa hivi, ufizi hauponi vizuri.