Fundi kagonga jiwe, bado nipime udongo?

SWALI: Shikamoo injinia. Nina kiwanja hapa Tanga, barabara ya kwenda Amboni, nataka ghorofa moja, chini niweke fremu za biashara. Fundi kachimba mita moja tu kagonga jiwe, anasema hapa hata ukipandisha ghorofa kumi halitikisiki. Ila injinia wa nondo kagoma kuchora msingi mpaka nilete ripoti ya udongo. Hiyo hela si bora ninunue saruji? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba dada yangu. Huyo injinia usimwache, maana hilo jiwe ndo linalonitia wasiwasi. Upande huo ni mawe ya chokaa, kama yale yanayochimbwa Pongwe kutengenezea saruji, na chokaa inaliwa na maji, mvua inapenya kwenye nyufa miaka na miaka mpaka ndani panabaki uwazi. Mapango ya Amboni si mtu aliyachimba, ni maji. Sisemi chini ya kiwanja chako kuna pango, nasema sururu ya fundi haiwezi kukwambia kama hilo ni mwamba wenyewe au ni bonge tu limekaa juu ya udongo, au ganda ambalo chini yake ni patupu.

Wapimaji waje na drili ya kukata mwamba. Kwenye udongo wanaangusha nyundo ya kilo 63.5 kutoka sentimita 76 wanahesabu mapigo mpaka bomba lizame sentimita 30, kipimo kizuri sana ila kikifika kwenye mwamba kinaishia hapo. Drili ndo inaendelea, inatoa mwamba vipande vya mviringo kama chaki nene, wanavipanga kwenye boksi. Nenda ukasimame pale mwenyewe. Wakikata mita moja na nusu halafu kwenye boksi kikarudi kipande cha nusu mita, uliza iliyobaki iko wapi. Na angalia maji ya kupoozea drili, kawaida yanarudi juu yamechafuka. Kuna saiti moja nilikuwepo, yalipotea ghafla na drili ikadondoka kwenda chini kama imemponyoka mtu, wote tukatazamana. Msingi ukachorwa upya kabla hata nondo moja haijanunuliwa.

Shimo moja usikubali, kwenye mawe ya chokaa ukisogea mita tano tu unaweza kukuta kitu kingine kabisa, toboeni pale nguzo nzito zitakapokaa. Uwazi ukionekana si kwamba kiwanja kimekufa, unajazwa zege jepesi, au nyumba inasogezwa, au injinia anachora zege moja pana chini ya jengo lote.

Kingine, karo la choo na maji ya paa peleka mbali na msingi, maji yakimwagika sehemu moja kila siku yanabeba udongo kidogo kidogo kuingia kwenye hizo nyufa, ardhi inakuja kubonyea mkiwa mshahamia. Ripoti ikitoka mpelekee injinia kwanza, fundi asiguse sururu mpaka injinia aisome.